UZI: Seva ikibanwa na kumbukumbu, kerneli ya Linux inafanya nini hasa? Na kwa nini uache kuifutia kashe

#1 · seva_usiku (mwenye uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu umetokana na usiku mmoja wa mwisho wa mwezi. Mimi ndiye naangalia seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo: mashine ya kukodi, RAM GB 2, Linux, MariaDB na PHP. Siku hiyo wahasibu walikuwa wanafunga mahesabu, saa tano usiku napigiwa simu kwamba mfumo umegoma. Naingia kwa SSH, naandika herufi moja, nahesabu mpaka nane ndiyo inatokea kwenye skrini. `free -m` ilipokubali kujibu ikasema: total 1967, used 1861, free 41, buff/cache 65, available 22. Swapu, ile sehemu ya diski inayopokea kurasa RAM ikijaa, sifuri.

Juu kabisa kwenye `top` alikuwepo kswapd0, anakula prosesa nzima. Nikiwa bado natafakari nianzie wapi, logi ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ikaandika "Out of memory: Killed process", na aliyeuawa ni mariadbd. Hifadhidata yenyewe, katikati ya kufunga mwezi. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ndani ya MariaDB, ina daftari lake la miamala, ilipowashwa tena ikajirekebisha na hakuna shilingi iliyopotea, lakini kile kimya cha wahasibu kwenye simu bado nakisikia.

Asubuhi nikapekua crontab (ratiba ya kazi zinazojiendesha), nikakuta hii, ya kufuta kashe kila dakika 5:

`*/5 * * * * sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`

Na kwenye /etc/fstab mstari wa swapu umewekewa # mbele, yaani imezimwa. Aliyeviweka ni mtangulizi wangu na simlaumu. Alitaka safu ya "free" isome namba kubwa, na ushauri wa namna hiyo umejaa mitandaoni, watu wanaunakili seva kwa seva. Mimi nasema ushauri huo ndio uliotuumiza, na nitaeleza kwa nini. Anayejua zaidi anisahihishe, nitashukuru.

Tuanze na ile safu. RAM iliyokaa tupu umeilipia na haifanyi kazi, kwa hiyo kerneli huijaza makusudi. Kila faili linalosomwa, nakala yake hubaki kwenye kashe, vipande vya KB 4 kila kimoja, tunaviita kurasa. Kwa hiyo seva yenye afya, ikikaa siku mbili tatu, "free" yake ni ndogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Safu ya kuangalia ni "available", ambayo kerneli yenyewe huikadiria tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014: kiasi gani kinaweza kupatikana kwa programu mpya bila kuanza kuhangaika.

Sasa nafasi ikihitajika, kerneli inaitoa wapi? Picha ninayowaelezea vijana ofisini ni meza ya fundi cherehani. Dada yangu anashona, nimekaa pembeni ya meza hiyo tangu nikiwa mdogo. Juu yake kuna karatasi za kukatia, za mgongo, za mkono, za kola, na kila moja ina nakala yake imetundikwa chumba cha nyuma. Akibanwa na nafasi anaiondoa tu, akiihitaji atakwenda kuchukua nyingine. Wakati mwingine karatasi ameirekebisha kwa kalamu, mkono ameuongeza inchi moja. Hiyo haitoi mpaka kwanza akarekebishe ile iliyotundikwa. Halafu kuna vitambaa alivyokwisha kukata na kuchora chaki. Hivyo havina nakala popote duniani. Akitaka nafasi yake lazima avikunje, avifunge kwenye mfuko, aandike jina la mteja, aviweke kabatini.

Karatasi safi ni kurasa za faili ambazo hazijabadilishwa: kuzitupa hakugharimu kitu. Karatasi iliyoandikwa ni ukurasa mchafu, lazima kwanza uandikwe kwenye diski. Vitambaa vilivyokatwa ni kumbukumbu ambayo programu imejiombea yenyewe, safu za hifadhidata, vigeu vya PHP, vitu visivyo na faili nyuma yake. Na kabati ndiyo swapu.

Mnyang'anye fundi kabati. Vitambaa vya mteja aliyesema atarudi mwezi ujao vinabaki mezani, havigusiki wala haviondoki. Nafasi inayobaki ya kupigania ni ya karatasi tu. Kwa hiyo anaondoa karatasi ya kola huku bado anakata kola, anatembea chumba cha nyuma kuirudisha, anaondoa ya mkono ili ya kola iingie, anatembea tena. Siku nzima yuko njiani na nguo haijashonwa hata moja.

Hicho ndicho kilichotokea usiku ule. Kumbukeni msimbo wa programu zenyewe nao ni kurasa za faili. /usr/sbin/mariadbd ni faili, bash inayopokea amri zako ni faili, libc, maktaba inayotumiwa na programu karibu zote, ni faili. Kerneli ilipokosa kitu kingine cha kutoa ikaanza kutoa msimbo wa programu zilizokuwa zinaendeshwa dakika hiyo hiyo, kisha ikausoma tena kutoka diski sekunde hiyo hiyo. Herufi yangu kuchukua hesabu ya nane ni sshd na bash wakisomwa upya kutoka diski, ukurasa kwa ukurasa. Seva ilikuwa inahaha. Na ile kazi ya crontab ya kila dakika 5 ilikuwa inaondoa karatasi mezani kwa niaba yake, hata siku ambazo meza ilikuwa na nafasi.

Nitaendelea na jinsi kerneli inavyochagua ukurasa wa kutoa. Nianze kupokea maswali.

#2 · mzee_wa_terminali

Kijana wangu, uzi mzuri, lakini hapo kwenye swapu naomba nipinge kidogo. Mimi nimeanza kazi hii enzi za diski za kuzunguka. Tulizima swapu kwa sababu tuliona kwa macho: mashine ikianza kuswapu, imekwisha. Unasikia diski inakwaruza, taa nyekundu haizimi, na huna la kufanya ila kubonyeza kitufe. Usiwaambie vijana kwamba tulikuwa hatujui tunachofanya.

#3 · seva_usiku

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kunirekebisha. Mlichokiona ni kweli na hesabu inawaunga mkono. Kusoma RAM ni kama nanosekunde 100. SSD ya NVMe ni kama maikrosekunde 100. Diski ya kuzunguka ni kama milisekunde 10, yaani mara laki moja ya RAM. Ukurasa unaohitajika sasa hivi ukiwa kule, programu inasimama kabisa.

Ila mzee, angalia kwamba bila swapu taa nyekundu haizimi vilevile. Kazi imehamia kwenye kusoma msimbo tu, na ukiangalia `vmstat 1` safu za si na so (kuingia na kutoka swapu) zinasoma sifuri, safu ya bi (kusoma diski) ndiyo inayopanda. Mtu anasema "hatuswapu" kumbe anasoma programu zake upya kila sekunde. Mwezi wa Agosti 2019 jambo hili lilizua mjadala mkubwa sana kwenye orodha ya barua za wasanidi wa kerneli: kompyuta ya kawaida ya mezani, swapu imezimwa, unafungua kurasa za kivinjari mpaka RAM inakaribia kuisha, mashine inaganda dakika nzima kabla ya kitu chochote kuuawa.

Swapu ndogo inampa kerneli uchaguzi. Kila seva ina kumbukumbu iliyoombwa wakati wa kuwasha na haiguswi tena. Hiyo ikiingia kabatini hakuna anayeumia. Swapu kubwa mno kwenye diski ya polepole ndiyo mliyoiona nyinyi, na hapo tunakubaliana.

#4 · mvuvi_wa_data

Mkuu seva_usiku, umesema kerneli inatoa kurasa ikibanwa. Inajuaje kwamba imebanwa? Inasubiri mpaka RAM iishe?

#5 · seva_usiku

Haisubiri, mkuu. Kila eneo la kumbukumbu lina alama tatu, kama simtanki iliyochorwa mistari: ya juu, ya chini, na ya chini kabisa. Unaweza kuzisoma kwenye /proc/zoneinfo, zimeandikwa high, low, min.

Kurasa huru zikishuka chini ya mstari wa low, kswapd anaamshwa. Huyu ni mfanyakazi wa kerneli, anafanya kazi nyuma ya pazia, anakomboa kurasa mpaka zifike high, kisha analala. Programu zako hazijui kitu. Hali hii ni ya kawaida na inatokea kila siku kwenye seva zote duniani.

Shida inaanza maombi yakiwa na kasi kuliko kswapd. Maji yakifika min, kila mchakato unaoomba kumbukumbu unalazimishwa kukomboa kurasa wenyewe kabla ya kupewa. Mteja amekuja kuchukua suti, fundi anamwambia panga meza kwanza. Hapo ndipo ombi la ukurasa wa wavuti lililokuwa linachukua milisekunde 40 linachukua sekunde mbili na hakuna kwenye msimbo wako panapoeleza kwa nini. Kilichobaki chini ya min ni akiba ya dharura, ya wale wasioweza kusubiri na wale wanaokomboa wenyewe.

Ukitaka kujua uko upande gani, linganisha namba mbili kwenye /proc/vmstat: pgscan_kswapd na pgscan_direct. Ya kwanza ikipanda, sawa. Ya pili ikipanda mchana wa kazi, watumiaji wako wanasubiri.

Pengo kati ya mistari hiyo linaweza kupanuliwa kwa vm.watermark_scale_factor. Kawaida ni 10, maana yake asilimia 0.1 ya kumbukumbu. Mashine ya GB 16 pengo lake linakuwa kama MB 16 hivi, kitu ambacho mzigo wa ghafla unakimeza kufumba na kufumbua. Mimi kwenye mashine zenye mizigo ya kushtukiza naweka 100. kswapd anaamka mapema, na maombi ya moja kwa moja yanapungua. Sitaki kumpa mtu namba ya kunakili bila kupima, ila hii ni moja ya chache ninazozigusa kwa kujiamini.

#6 · dada_mtandao

Nafuatilia kwa makini. Swali langu: anachaguaje? Kurasa ni mamia ya maelfu, atajuaje huu unatumika na huu umelala?

#7 · seva_usiku

Dada, hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, nivumilie nikirefusha.

Kerneli haiwezi kuandika muda kila ukurasa unapoguswa, ingekuwa kazi kubwa kuliko kazi yenyewe. Inachopata kutoka kwa prosesa ni alama ndogo tu: ukurasa huu umeguswa tangu nilipouangalia mara ya mwisho, ndiyo au hapana. Kwa alama hiyo inaendesha foleni. Kuna foleni ya kurasa zinazotumika na foleni ya zilizolala, na tangu toleo la 2.6.28 la mwaka 2008 kila moja imegawanywa mara mbili, za faili peke yake na zisizo na faili peke yake. Foleni ya tano ni ya zile zisizotolewa kabisa, kwa mfano zilizofungwa kwa mlock, agizo la programu kwamba ukurasa usitoke RAM.

Ukurasa wa faili ukisomwa mara ya kwanza unaingizwa kwenye foleni ya waliolala. Ukiguswa tena kabla haujafika mwisho wa foleni, unapandishwa kwa wanaotumika. Usipoguswa, unatolewa. Kwa hiyo mtu akiendesha nakala rudufu inayosoma faili la GB 50 mara moja, kurasa zake zinapita kwenye foleni ya waliolala na kutoka, hazifukuzi hifadhidata yako. Angalau ndivyo inavyokusudiwa.

Lakini fikiria ukurasa unaohitajika kila baada ya dakika mbili, na foleni ya waliolala ni fupi, inazunguka kwa dakika moja. Utatolewa kila mara, utarudi kila mara, na kila ukirudi unaonekana mgeni. Johannes Weiner alilitatua hili mwaka 2014, toleo la 3.15. Ukurasa ukitolewa, mahali pake panaachwa kivuli: kijinamba kinachosema ulitolewa wakati hesabu ya utoaji iko wapi. Ukirudi, kerneli inasoma kivuli, inapiga hesabu ni kurasa ngapi zimetolewa tangu wakati huo. Kama umbali huo ni mdogo kuliko foleni ya wanaotumika, maana yake ulitolewa kimakosa, ungekuwa na nafasi ungebaki. Basi unapelekwa moja kwa moja kwa wanaotumika, na mmoja wa wazee wa pale anasogezwa. Namba zake ziko kwenye /proc/vmstat, workingset_refault_file na workingset_refault_anon. Seva inayohaha inaonekana hapo waziwazi: usiku ule workingset_refault_file ilikuwa inapanda kwa maelfu kila sekunde.

Mwanzoni vivuli vilikuwa vya kurasa za faili tu. Mwaka 2020, toleo la 5.9, vikaongezwa kwa zile zisizo na faili.

Kuna na mfumo mpya, wa vizazi vingi, wa Yu Zhao wa Google, ulioingia toleo la 6.1 mwishoni mwa 2022. Badala ya foleni mbili, kurasa zinawekwa kwenye vizazi, na kerneli inapita kwenye majedwali ya kurasa ya michakato yenyewe kutafuta alama za kuguswa, badala ya kuanza na ukurasa na kumtafuta mwenye nao. Google walieleza kwamba kwenye mashine zao kazi ya kswapd ilipungua kwa asilimia 40 kwa jumla. Angalia /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled kama yako unao. Ndani ya folda hiyo kuna min_ttl_ms: ukiandika 1000, unaiambia kerneli isiguse kurasa zilizotumika sekunde moja iliyopita, na ikishindwa kupata nafasi bila kuzigusa, iue mchakato badala ya kuganda. Kwa kompyuta ya mezani ni msaada mkubwa.

#8 · mvuvi_wa_data

Na swappiness? Kila mahali nasoma weka 10, weka 1, weka 0.

#9 · seva_usiku

Swappiness si asilimia ya RAM ambayo swapu ikifika inaanza, ingawa ndivyo inavyoelezwa kila kona. Ni uzani. Inaiambia kerneli: kurudisha ukurasa kutoka swapu na kurudisha ukurasa wa faili, kipi kinagharimu zaidi? 100 ni sawa kwa sawa. Kawaida ni 60, yaani swapu inaonekana ghali kidogo. Tangu 5.8 inafika mpaka 200, kwa sababu siku hizi kuna swapu ya haraka kuliko diski ya faili, yaani zram, ambayo ni sehemu ya RAM yenyewe iliyobanwa. Kwa zram, kuweka zaidi ya 100 ni hesabu sahihi.

Sifuri haizimi swapu, inaisukuma mpaka dakika ya mwisho kabisa. Kwa seva ya hifadhidata tu ninaelewa mtu akiweka 1 au 10, ile buffer pool, yaani kashe ya hifadhidata yenyewe, unataka ikae RAM. Ila ukiweka hivyo, jua mzigo wote umeutupia kashe ya faili.

#10 · fundi_simu_kkoo

Wakuu, mimi ni fundi simu, Kariakoo. Wateja wanakuja na simu za RAM GB 2, wameweka programu za kusafisha RAM, wanasema simu ni nzito. Na sasa zinakuja zimeandikwa GB 4 + 4, wananiuliza ni kweli? Haya mnayoyasema yanahusu simu?

#11 · seva_usiku

Yanahusu moja kwa moja ndugu yangu, Android ndani yake ni kerneli hii hii ya Linux.

Kwenye simu kabati ni zram. Kurasa zisizo na faili zinabanwa na kuwekwa RAM hiyo hiyo, mara nyingi zinachukua chini ya nusu ya nafasi. Ikishindikana, kuna mlinzi anaitwa lmkd anayeua programu, akianza na zile ulizoziacha nyuma muda mrefu na kuiacha ile iliyo mbele ya macho yako. Kuanzia Android 10 anaamua kwa kupima muda ambao programu zinakwama zikisubiri kumbukumbu, nitauelezea huo chini.

Programu ya kusafisha inaua zilizolala, ambazo zilikuwa hazisumbui mtu. Nyingi zinajiwasha tena, kwa ajili ya ujumbe au usawazishaji, na kujiwasha upya kunakula betri na prosesa kuliko kuziacha. Ni crontab yangu ile ile, imevaa picha ya roketi. Mwambie mteja aiondoe, afute programu asizozitumia kabisa, na aache nafasi kwenye hifadhi.

Ile "+4" ni swapu kwenye hifadhi ya simu. Inasaidia programu zikae nyuma bila kuuawa haraka. Ila si RAM GB 8 na haifai kuuzwa kama RAM GB 8.

#12 · fundi_simu_kkoo

Nimekuelewa vizuri sana. Hilo la +4 nilikuwa nalijibu kwa kubahatisha. Shukrani mkuu.

#13 · mzee_wa_terminali

Narudi. Umenishawishi kwenye swapu ndogo. Sasa eleza mauaji. Kwa nini amuue mariadbd, asiue PHP iliyokuwa inakula?

#14 · seva_usiku

Mzee, anayechagua ni oom killer, sehemu ya kerneli inayoua mchakato kumbukumbu ikiisha, na kipimo chake ni ukubwa tu: RAM unayoshikilia, swapu yako, na majedwali ya kurasa zako, ikilinganishwa na jumla, halafu inaongezwa oom_score_adj yako, alama unayoiweka mwenyewe, kuanzia -1000 mpaka 1000. Hajui nani amesababisha. Kwenye seva yangu PHP ziliruhusiwa kufika michakato 40, kila mmoja akikua hadi kama MB 45, hakuna aliyekuwa mkubwa peke yake. MariaDB mmoja alikuwa karibu GB 1. Mkubwa akaondoka.

Na jibu la kwa nini alichelewa: kerneli haiiti oom killer mpaka ijaribu kukomboa na kushindwa mara 16 mfululizo bila kusonga mbele. Lakini ikipata hata kurasa chache za msimbo wa bash za kutoa, hiyo inahesabiwa kuwa imesonga. Ndiyo maana tunahaha muda mrefu kabla ya kifo.

Ndiyo maana siku hizi siangalii "free" tena, naangalia /proc/pressure/memory, kipimo kinachoitwa PSI, iliyoingia toleo la 4.20 mwaka 2018. Mistari miwili. "some" ni asilimia ya muda ambao walau mchakato mmoja ulikuwa umekwama ukisubiri kumbukumbu. "full" ni muda ambao wote waliokuwa na kazi walikwama kwa pamoja, yaani seva haikufanya lolote la maana. Wastani wa sekunde 10, 60 na 300. Hiki ndicho kipimo cha maumivu yenyewe. RAM inaweza kujaa asilimia 97 na full ikawa 0.00, lala usingizi. Au ikawa imejaa 85 na full inasoma 30, amka. Huduma ya systemd-oomd inatumia namba hizi kuua mapema, kwa kundi zima la michakato, kabla hujashindwa kuandika kwenye terminali.

Nilichokifanya kwetu, kwa anayetaka kujua: nimeondoa ile crontab. Nimerudisha swapu ya GB 1. pm.max_children, ukomo wa michakato ya PHP, kutoka 40 hadi 12, kwa sababu 40 mara 45 ni MB 1,800 na hapo MariaDB hujamhesabu. Buffer pool nimeishusha hadi MB 640. Kwenye huduma ya mariadb nimeweka OOMScoreAdjust=-600. Mwisho wa mwezi huu wahasibu wamefunga hesabu saa tatu usiku, full avg60 ya juu niliyoiona ni 0.84. Sehemu kubwa ya ushindi huo ni ile 12. Kerneli haiwezi kukomboa kumbukumbu ambayo umeahidi watu wawili kwa wakati mmoja na wote wakaja kuidai.

#15 · mvuvi_wa_data

Kwenye kontena je? Yangu inauawa na mashine mama ina GB 20 huru.

#16 · seva_usiku

Hiyo ni memory.max ya cgroup yake, yaani kundi la michakato ambalo kerneli hulipimia kumbukumbu peke yake. Kontena lina ukomo wake na ukombozi wake wa ndani, haliangalii nje. Soma memory.events ndani ya folda ya cgroup, utaona oom_kill imehesabiwa mara ngapi na max imegongwa mara ngapi. Kama max inagongwa sana bila oom_kill, kontena linahaha kimya kimya, na kashe ya faili zake nayo inahesabiwa humo humo. memory.high chini kidogo ya max inalipunguzia kasi kwanza badala ya kuligonganisha na ukuta. Na huduma usiyotaka inyang'anywe, mpe memory.low.

#17 · dada_mtandao

Wakuu naombeni msaada, nimekwama. Seva ya RAM GB 4, haina swapu. buff/cache ni GB 1.7, kwa maelezo ya uzi huu hiyo yote ni karatasi za kutupa. Lakini available ni MB 310 tu na psi "some" haishuki chini ya 15. Hata nikifuta kashe kwa nguvu (najua umekataza, nilikuwa najaribu) haipungui. Kerneli inang'ang'ania nini?

#18 · seva_usiku

Hapana dada, umefanya vizuri kujaribu, umetupa dalili muhimu. Hebu toa `grep Shmem: /proc/meminfo` na `ls -lh /dev/shm`.

#19 · dada_mtandao

Shmem: 1638400 kB. Na kwenye /dev/shm kuna faili tatu za .sql, nakala za hifadhidata za Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

#20 · seva_usiku

Ndizo hizo. /dev/shm ni tmpfs, faili zake zinaishi RAM peke yake. `free` inazihesabu chini ya buff/cache, lakini hazina nakala chumba cha nyuma, ni vitambaa vilivyokatwa. drop_caches haizigusi, na bila swapu hazina pa kwenda. Kawaida tmpfs inaruhusiwa nusu ya RAM, kwa hiyo kesho yako ya nne isingekuwa nzuri.

#21 · dada_mtandao

Ni skripti ya nakala rudufu. Inaandika pale kwa sababu ni haraka, kisha inapakia kwenye hifadhi ya nje na kufuta. Mtandao ulikatika Jumatatu usiku, kupakia kukashindikana, kufuta hakukufikiwa, siku tatu mfululizo. Nimezihamishia /var/backups, skripti nayo imehamia huko. available imerudi MB 1,930. psi some avg300 inashuka: 9, 4, sasa 0.61. Nakala ya Jumatatu napakia sasa hivi.